Kaa Moja, Mwishoni, Funika

"Sitii saini."

Bi Ratiba aliisukuma karatasi mpaka upande wa pili wa meza. Ilikuwa mara ya tatu tangu asubuhi. Koplo aliyeiandika alikuwa amechoka kubembeleza, ametoka nje kupunga hewa. Aliyebaki chumbani, ameketi ukingoni mwa kitanda kwa kuwa kiti kilikuwa kimoja tu, ni Inspekta ambaye kituo kizima kilimwita Koleo. Jina hilo walimbandika wakidhani wanamtania, kwa sababu mama huyu akishika kitu haachii. Yeye mwenyewe alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake.

"Isome tena," alisema.

"Nimeisoma mpaka nimeikariri. Inasema naomba radhi kwa kumlisha mama mkwe wangu kaa, nikijua kaa wanamdhuru. Sikumlisha. Siwezi kuomba radhi kwa kosa la hewani."

"Ukitia saini, familia haishtaki. Leo hii mnarudi kwenu."

"Nirudi niwe nani? Yule mke aliyetaka kumuua mama wa mumewe, wakamsamehe? Wanangu watanisalimia vizuri, na chakula changu hawatakigusa. Bora kesi, Inspekta. Kesi ina mwisho."

Koleo alimtazama. Mwanamke wa miaka arobaini hivi, macho mekundu kwa kukesha, lakini nywele amezibana sawasawa na viatu amevipanga chini ya dirisha, ncha zikitazama ukuta. Katika kazi yake Koleo alikuwa ameshaona watuhumiwa wanaolia, wanaocheka na wanaolala fofofo. Wanaopanga viatu hakuwa amekutana nao.

Mkuu wa kituo alikwishapiga simu mara mbili. Gari la makao makuu lingefika saa kumi alasiri. Ama saini ipatikane, ama mtuhumiwa apakiwe, faili lifungwe kabla ya Jumapili. Sasa ilikuwa saa tano na robo.

Kisa chenyewe hakikuwa kirefu. Familia ya watu tisa ilisafiri siku mbili kuja kwenye hoteli hii ndogo ya ziwani, majira ya machipuko, miti ya ufukweni ikiwa ndiyo kwanza inatoa majani, kwa ajili ya mlo mmoja tu. Mlo huo ni wa Bibi, mama yao, mwenye miaka sabini na miwili. Akiwa msichana wa miaka kumi na tisa alikuwa akiosha vyombo katika hoteli hii hii, na watumishi walikatazwa kukanyaga gati. Siku moja alikwenda kukaa kule mwishoni mwa gati na sahani yake ya makombo. Meneja wa wakati huo akamfuata, akampokonya sahani, akaitupa majini. Msichana aliacha kazi siku hiyo hiyo, na tangu hapo akawa anawaambia watu, na baadaye wanawe, kwamba atarudi majira kama yale yale, ale pale pale, mezani, kwenye kitambaa cheupe, na watu wa jikoni wakae naye.

Kazi ya kupanga mlo alimpa mke wa mwanawe, ambaye hata kumchukua mtoto shule alikuwa akiandikia ratiba, ndipo likazaliwa jina la Bi Ratiba. Naye alipanga kwelikweli. Kurasa kumi na moja: upepo unatoka wapi, meza ielekee wapi, mablanketi mangapi, nani akae karibu na nani, taa ziwashwe saa ngapi. Mlo wenyewe ulikuwa leo Jumamosi, saa kumi na mbili jioni.

Jana mchana, Ijumaa, chakula kilipikwa cha kuonja. Bibi alikunywa vijiko vinne vya supu, koo likaziba, uso ukavimba. Zahanati ilikuwa ng'ambo ya barabara tu, na sindano ndiyo iliyomwokoa. Ndani ya sufuria walimkuta kaa. Na kwenye msumari wa jikoni, pale zinapochomekwa oda, palikuwa na karatasi yenye mwandiko wa Bi Ratiba: *Supu ya Mama: kaa mmoja, mwishoni, funika.* Familia nzima inajua Bibi hali kaa tangu utotoni. Bi Ratiba alijua zaidi ya wote, maana aliliandika jambo hilo ukurasa wa kwanza na kulipigia mistari miwili.

"Hiyo karatasi ya jikoni," Bi Ratiba alisema, "mbona sionyeshwi? Tangu jana ni 'uliandika, uliandika'. Niliandika nini?"

Koleo aligeuka kuutazama mlango aliotokea Koplo. Kwa hiyo mtu amehojiwa siku nzima, na kielelezo hakijatolewa hata bahashani! Alimtusi Koplo kimoyomoyo, akafungua bahasha, akaweka karatasi mezani.

Bi Ratiba aliinama. Aliipitia herufi kwa herufi.

"Mwandiko wangu. Hii m si yangu."

"Ipi?"

"Ya kwanza, hapa kwenye 'mmoja'. Mimi niliandika 'kaa moja'. Kaa la moto, Inspekta! La mkaa!" Kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda. "Supu ikishaiva, unachukua kaa moja jekundu, unalitia kwenye kibakuli cha bati, unakiweka kielee katikati ya supu. Unadondoshea mafuta matone mawili matatu, unafunika. Moshi unaingia kwenye supu. Ndivyo anavyoipenda. Kwani kaa wa majini anatiwa mwishoni? Si ataliwa mbichi?"

Koleo aliichukua karatasi mpaka dirishani. Kweli, ile m ilikuwa imejibana kati ya maneno kama abiria aliyechelewa. Wino ulikuwa bluu ule ule wa kalamu za hoteli, zilizotapakaa kila chumba. Lakini palikuwa na doa la mchuzi lililokatiza mstari ule. Herufi nyingine zilikuwa chini ya doa, nzima, zimelowa tu. Ile m ilikuwa juu ya doa, imeandikwa nusu nusu, maana kalamu haishiki penye mafuta. Aliyeiandika aliiandika baada ya mchuzi kumwagika.

Lilikuwa jambo, ila halikutosha. Alimjua Mkuu wake. Angesema mwanamke mwenyewe aliiongeza, na doa likabaki doa.

"Unaandikia daftari gani?"

"La nakala, lenye kaboni. Nyeupe inakwenda jikoni, ya manjano inabaki kwangu."

"Liko wapi?"

"Kwenye kasha la vitambaa, kibanda cha maboti. Nilikuwa gatini napima meza waliponiita. Tangu hapo nimefungiwa humu."

"Hukumwambia Koplo?"

"Hakuniuliza. Aliniletea ya kusaini tu."

*

Mapokezi palikuwa na tangazo ukutani: *Wageni wote inaombwa kurudisha taulo.* Mtu alikuwa amelikata neno la tatu kwa mstari ulionyooka, akaandika juu yake *mnaombwa*. Kwenye tangazo la pili, *vyombo yote* ilikuwa imegeuzwa *vyombo vyote*. Koleo alipita akitabasamu. Watu wa aina hiyo hawakosekani duniani.

Kwenye ngazi alikaa mume wa Bi Ratiba, kichwa mikononi. Kando yake alisimama dada yake mkubwa, mwanamke mrefu wa sketi ya kijivu, ambaye familia nzima, hata mama yake, ilimwita Mwalimu.

"Ametia saini?" aliuliza Mwalimu.

"Bado. Funguo ya kibanda cha maboti iko wapi?"

"Ufunguo. Uko wapi. Funguo ni nyingi." Alilisema bila ubaya, kama mtu anayemfuta mwenzake vumbi begani. "Ufunguo uko kwa Meneja. Unatafuta nini kibandani? Ushahidi mnao. Mimi ndiye niliyeutoa jikoni nikamkabidhi Koplo. Mwingine angeuchoma kwa kumwonea haya wifi yake."

"Umefanya vizuri kuutunza."

"Mama yangu amenusurika kwa tundu la sindano, Inspekta. Sina haya."

Mume aliinua kichwa. "Mimi sijui nimwamini nani," alisema.

"Basi kaa hapo hapo mpaka ujue," Koleo akamwambia, akaenda zake. Wanaume wa kukaa ngazini walimchosha.

Kibanda kilinuka rangi na kamba mbichi. Kasha lilikuwa chini ya makasia. Vitambaa vyeupe kumi na viwili vilikunjwa, kila kimoja na kikaratasi cha meza yake, na chini kabisa palikuwa na daftari. Koleo alivaa glovu, akafunua mpaka ukurasa wa tisa, wa jikoni. Karatasi nyeupe ilikuwa imechanwa vizuri kwenye vitobo vyake. Ya manjano ilikuwapo.

*Supu ya Mama: kaa moja, mwishoni, funika.*

Alifunua kurasa nyingine ili asijidanganye. Kuku mmoja. Bata wawili. Mkate mmoja. Mahali pa wahudumu, viti vinne, pamoja nasi. Mwanamke huyu hakukosea upatanisho wa ngeli hata alipoandika kwa haraka amesimama gatini. Aliweka daftari kwenye mfuko wa vielelezo, akaandika saa: sita na dakika kumi.

Kwa hiyo palikuwa na makosa mawili, ya watu wawili. Mmoja alimtia kaa kwenye sufuria. Mmoja aliongeza m. Au ni mtu yule yule, akijifunika. Na aliyekuwa na haja kubwa ya kujifunika alikuwa jikoni.

*

Mpishi wa hoteli alikuwa bonge la mtu, na alipoambiwa akae alisema atasimama.

"Nilijua tu mtanijia," alisema. "Tajiri akila vibaya, maskini ndiye anayetapika."

"Karatasi ya oda ilikaa kwako tangu lini?"

"Juzi jioni. Yule mama wa ratiba mwenyewe aliichomeka msumarini, akasema atakuja kuonyesha. Hakuja. Alikuwa huko anapima upepo."

"Ukafanya nini?"

"Ukafanya nini! Nimeandikiwa kaa, nimetia kaa."

"Bila kuuliza?"

"Niulize nini? Kaa moja, mwishoni, funika. Nikamwosha, nikamtia, nikafunika."

"Hukushangaa kaa kutiwa mwishoni?"

"Mama, wageni wana mambo. Mwezi uliopita mmoja ameagiza chai ya chumvi. Nilimpa, akaomba nyingine."

"Na hukujua Bibi hali kaa?"

"Mimi nilipewa ukurasa wa jikoni tu. Huo wa kwanza nimeusikia polisi walipokuja." Alijifuta jasho. "Alipoanguka mwiko ulinitoka, mchuzi ukaruka hadi kwenye hizo karatasi. Sijalala. Niandikeni mzembe, sawa, nitakubali mbele ya yeyote. Muuaji sikubali. Na yule mama msimwonee. Yeye ndiye mgeni wa kwanza tangu nianze kazi hapa kuniwekea kiti."

Kalamu ya bluu ilikuwa nyuma ya sikio lake. Koleo aliitazama kalamu, akatazama mikono yake minene, na kwa dakika nzima alikuwa na hakika amempata mtu wake. Mpishi aliogopa, akaongeza herufi, lawama ikahamia kwa aliyeandika. Inaingia akilini.

"Jana karatasi ilisema 'kaa moja' au 'kaa mmoja'?"

Mpishi alikunja uso. "Swali gani hilo? Si ni kitu kimoja?"

"Nauliza."

"Moja, mmoja. Kwani alikuwa na pacha?"

Koleo alifungua mdomo amkemee, ndipo macho yake yalipopanda juu ya friji. Palikuwa na ubao mweusi wa kuhesabia vilivyomo, umeandikwa kwa chaki, kwa mkono mnene:

*KUKU SITA. BATA MOJA. SAMAKI KUMI. KAA MBILI.*

"Nani anaandika ubao huu?"

"Mimi. Kila asubuhi."

Bata moja. Kaa mbili. Koleo aliegemea meza. Mtu huyu akisoma "kaa moja" anamwona mnyama mwenye miguu, haoni kingine, kwa sababu ndivyo anavyosema na ndivyo anavyoandika. Kwake oda ile ilikuwa imekamilika. Aongeze m ya nini? Asingejua hata pa kuichomeka. Aliyeiongeza ni mtu ambaye bila ile m haoni kaa wa majini kabisa. Mtu ambaye kosa la upatanisho linamwasha mwilini, asiyeweza kupita kwenye tangazo la taulo bila kulikosoa.

"Karatasi ilitokaje hapa?" aliuliza, polepole sasa.

"Dada yao alikuja. Yule mrefu. Mimi nilikuwa nakimbilia barafu ya kumwekea mgonjwa shingoni. Niliporudi alikuwa amekaa hapo mezani, karatasi mbele yake. Nikajua anasali."

*

Zahanati ilikuwa na vitanda vinne na muuguzi mmoja, na muuguzi alikuwa ameshindwa.

"Anataka kutoka," alilalamika kwa Koleo mlangoni. "Nimemwambia kesho."

"Kesho mlo wangu utakuwa umepoa," sauti ikajibu kutoka ndani, imekwaruza lakini ina nguvu. "Nimeungoja miaka hamsini na mitatu. Sindano moja haiwezi kunibadilishia siku."

Bibi alikuwa mdogo wa umbo, uso bado umejaa upande mmoja, ameketi wima na mkoba mapajani kana kwamba anangoja gari. Koleo alivuta kigoda.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyemfungia mkwe wangu?"

"Ndiye nitakayemfungulia, ukinisaidia. Nina swali moja tu, la upishi. Supu yako unaimalizia vipi?"

Mwanamke mzee alimkazia macho, akidhani anachezewa. Kisha akajibu kama anavyojibu mtu aliyeulizwa jina lake.

"Kaa moja, mwishoni, funika."

"Ndivyo unavyosema sikuzote? Kwa maneno hayo?"

"Ndivyo alivyosema mama yangu. Maneno ni hayo hayo."

"Na umemfundisha nani?"

"Watu wawili. Binti yangu alipokuwa na miaka kumi na miwili. Akayaandika kwenye daftari, akayapigia mstari. Na huyu mke wa mwanangu. Yeye hakuandika, alishika koleo akapika." Alisita. "Mbona unaniuliza hivyo?"

Koleo hakuwa mtu wa kupamba habari mbaya. Aliweka karatasi nyeupe na ya manjano kitandani, bega kwa bega. Bibi alizisoma bila miwani, akizisogeza mbali na uso. Alirudia.

Maana mwenye kujua maneno yale asingeweza kuyasoma vibaya. Mwalimu aliikuta sauti ya mama yake imechomekwa msumarini. Alijua papo hapo kwamba wifi yake hana kosa, na ndipo alipochukua kalamu.

"Kikulacho ki nguoni mwako," Bibi alisema, na machozi yakamtoka. Aliyaacha yatoke, hakuyafuta. Baadaye aliinama chini ya kitanda. "Muuguzi! Viatu vyangu viko wapi?"

*

Saa kumi kasorobo meza ilikuwa gatini. Koleo ndiye aliyeamuru itandikwe, na Meneja alipouliza kwa idhini ya nani, alimwambia kwa idhini ya ukurasa wa tatu wa ratiba. Upepo ulikuwa baridi. Jua liliwaka juu ya maji, na kwenye miti ya ufukweni majani mapya yalikuwa madogo bado, ya kijani kibichi kabisa.

Simu ililia.

"Gari limekaribia," Mkuu alisema. "Umepata saini?"

"Inakuja, afande. Siyo ile uliyoingoja."

"Koleo, usinianzie. Mpakie huyo mwanamke."

"Simpakii."

"Unasemaje?"

"Nimesema simpakii. Ukitaka apakiwe, njoo umpakie mwenyewe, ushike na hivi vielelezo viwili mkononi uvieleze mbele ya hakimu. Mimi jina langu haliendi chini ya uongo."

Akakata. Moyo ulimwenda mbio, na alifurahi kwamba unamwenda mbio. Ilikuwa zamani tangu kazi imfanye hivyo.

Familia ilikusanyika: mume, watoto, binamu wawili wa mbali waliokuja kwa ajili ya picha. Bi Ratiba alikuja amenyoosha shingo, daftari la nakala akalitafuta kwa macho kwanza kabla ya kumtafuta mumewe. Mwalimu alikuja wa mwisho, na alipomwona mama yake kwenye kiti cha katikati alipiga hatua ya kukimbia, akajizuia.

"Mama! Nani amekuruhusu?"

"Mimi."

Koleo aliweka karatasi mbili juu ya kitambaa, kila moja ndani ya mfuko wake wa plastiki. Alieleza doa. Alieleza kaboni. Alimwita Mpishi asome ya manjano kwa sauti, kisha amwambie kila mtu ni kitu gani.

"Kaa moja," Mpishi alisoma. "Ni kaa. Yule wa magamba. Si ndiye?" Akawatazama, akaona nyuso zao. "Siye?"

"Umesikia, Mwalimu?" Koleo alisema. "Kwake yeye oda ilikuwa imekamilika bila m. Ni nani hapa ambaye kwake ilipungua?"

Mwalimu alisimama wima. Angeweza kukana. Koleo alimwona akilipima jambo hilo, akiangalia karatasi moja hadi nyingine, na pengine angekana kama si mama yake kusema, kwa ile sauti iliyokwaruza:

"Soma na wewe. Uliniandikia daftarini, ukapigia mstari."

Maji yaligonga nguzo za gati.

"Nilisahihisha," Mwalimu alisema.

"Ulisahihisha nini?" aliuliza Bi Ratiba. "Niliandika kosa gani, wifi?"

"Hukukosea! Hujakosea hata siku moja, hilo ndilo linalouma!" Sauti ya Mwalimu ilipasuka. "Miaka ishirini na miwili mimi ndiye ninayempeleka Mama kila mahali. Daktari, mimi. Misiba, mimi. Akaja kuwa na safari moja ya maana maishani mwake, akamwita nani? Wewe! Nilimwona chini pale anashindwa kupumua, nikakimbia jikoni, nikakuta maneno yake kwa mkono wako. Hata maneno yake! Sikufikiri. Kalamu ilikuwa mezani."

"Ulikuwa na siku nzima ya kufikiri baada ya hapo," Koleo alisema. "Na mwenzako amefungiwa."

Koleo aliichukua ile karatasi ya radhi iliyokataliwa mara tatu, akaichana vipande vinne, akaweka tupu mahali pake, na kalamu juu.

"Andika maelezo yako. Kwa maneno yako mwenyewe."

Aliandika ukurasa mmoja na nusu, amesimama, upepo ukivuta ncha ya karatasi. Koleo aliusoma wote. Hapakuwa na kosa hata moja la sarufi.

"Jumatatu, saa tatu asubuhi, kituoni," alisema. "Na Mpishi pia, kwa uzembe. Dereva wa makao makuu atabeba hii."

"Nitakuja," Mwalimu alisema. Alitia saini, akageuka kuelekea nchi kavu.

Mume alikuwa amemfikia mkewe na kumshika mkono, anatafuta la kusema. Bi Ratiba aliutoa mkono wake bila hasira. "Baadaye," alimwambia. "Saa hizi nina supu." Akaenda jikoni, Mpishi nyuma yake, na kupitia dirisha watu walimwona akiinua kaa moja jekundu kwa koleo, limekolea moto, akilishusha taratibu. Mpishi alishika mfuniko kwa mikono miwili.

Saa kumi na mbili kamili sufuria ilifika gatini. Wahudumu wanne walikaa pale ratiba iliposema wakae, wakitazamana kwa haya. Bi Ratiba alifunua. Moshi ulipanda kidogo, ukaondoka na upepo. Alimpakulia mama mkwe wake kwanza. Watoto wake mwenyewe hawakuwa wamegusa vijiko.

Bibi alikunywa kijiko kimoja. Akangoja. Akanywa cha pili, cha tatu, cha nne, akafika pale alipoishia jana, akapita. Alikunywa mpaka bakuli likabaki nusu. Kisha akainua kichwa kutazama mwanzo wa gati, ambako Mwalimu alikuwa angali amesimama na begi lake, hajaondoka na hajarudi.

"Njoo," alisema.

Mwalimu alikuja. Alisimama nyuma ya kiti chake, kile ambacho ratiba ilikiweka bega kwa bega na cha Bi Ratiba tangu mwanzo, na ambacho mwenye ratiba hakuwa amekiondoa. Bibi alilisukuma bakuli lake mwenyewe mpaka mbele ya kiti hicho.

"Kaa," alisema. "Kula chakula cha wifi yako."

Mwalimu alikaa. Alishika kijiko, na gati zima likangoja mpaka alipomeza.